Samaki-Jiwe: Adui Asiyeonekana Mwambani

Kila mwezi unapoandama, na tena unapopevuka, maji ya bahari yetu hutoka mpaka mwamba ukabaki uchi. Hilo ndilo bamvua. Tangu Kiwayu mpaka Vanga, siku hizo utawaona watu wakishuka pwani kama waendao sokoni: akina mama na vikapu vyao na vyuma vya kuchokolea pweza, vijana na mishipi yao, na watoto waliotoroka chuoni wakitafuta kome na kaa. Tofauti ya maji kupwa na kujaa hapo Mombasa hufika kiasi cha mita 4 wakati wa bamvua, hivyo kwa muda wa saa mbili tatu mtu hutembea kwa miguu mahali ambapo baadaye siku hiyo hiyo chombo kitapita na tanga lake.

Watu hao wanajua cha kuogopa. Wanajua kwamba taa ana mwiba mkiani, mkunga ana meno na ngogo ana miba ya mapezini. Lakini hao wote, ukiwa na macho mazima, utawaona na utawaepuka. Yuko mwengine ambaye macho hayakufai kitu kwake. Lau ningetakiwa nimtegee kitendawili, ningesema: nimekanyaga jiwe, jiwe likanilaza kitandani.

Wavuvi humwita kwa majina mbalimbali, kila mji na lake. Hapa tutamwita samaki-jiwe, jina ambalo halihitaji tafsiri. Wataalamu walimwandika katika vitabu vyao mwaka 1801 kwa jina la Kilatini Synanceia verrucosa, na neno hilo la pili maana yake ni mwenye chunjua. Aliyempa jina hilo, bila shaka, alimtazama vizuri. Ngozi yake haina magamba kama ya changu au tasi. Imejaa chunjua na mabonde, nyingine rangi ya kahawia, nyingine kijivu, na mara nyingine pana mabaka mekundu au ya manjano kama yale yaotayo juu ya tumbawe lililokufa. Ngozi hiyo hutoa ute, na katika ute huo hushika mchanga na ukoga wa baharini, hata mwani ukaota juu yake. Basi si kwamba samaki huyu anafanana na jiwe tu. Amevaa nguo zile zile ambazo jiwe limevaa.

Kwa urefu aghalabu hafiki zaidi ya sentimita 30, ingawa wako wafikao 40. Kichwa ni kipana, macho madogo, na mdomo umeelekea juu kama wa mtu aliyelala chali akingoja tone la mvua. Hukaa juu ya mwamba, chini ya majabali, katikati ya vifusi vya matumbawe, na pengine hujifukia mchangani mpaka yakabaki macho na mdomo. Makao yake ni mapana mno. Anapatikana Bahari ya Sham, pwani yote ya Afrika ya Mashariki, Bahari ya Hindi, hata visiwa vya Ufaransa huko katikati ya Pasifiki. Si mgeni kwetu, wala sisi si wageni kwake.

Riziki yake huipata kwa subira. Hamkimbilii mtu. Hukaa pale alipo, saa baada ya saa, mpaka kisamaki au kamba apite mbele ya mdomo wake. Hapo hufunua kinywa, maji yakavutwa ndani pamoja na mpita njia, na kazi yote huisha kwa sekunde 0.015 hivi. Wale kisamaki wengine waliokuwa karibu huendelea na safari yao, hawajui kwamba mwenzao hayupo. Tena anayo sifa moja ambayo mwenda mwambani ni lazima aijue: maji yakimkimbia akabaki nje, hafi upesi. Imeonekana akiishi nje ya maji hata kufikia saa 24, mradi apate unyevu. Kwa hivyo jiwe lililo juu ya maji, ambalo mtu angelifikiri ni salama kulikanyaga kwa kuwa halina maji, nalo linaweza kuwa yeye.

Na sasa tuje kwenye miba. Mgongoni anayo, kwa kawaida 13, mikakamavu na imara, nayo imefunikwa na ngozi nene hata haionekani. Kila mwiba una mifereji miwili ubavuni, na katika kila mfereji upo mfuko wa sumu. Chini ya tumbo anayo michache mingine, nayo ina sumu pia. Samaki-jiwe hapigi mtu kwa mkia kama taa, wala hafukuzi, wala haumi. Akihisi hatari huinua tu miba yake, akakaa kimya. Mguu unaposhuka, uzito wa mtu ndio unaorudisha ngozi nyuma na kuibana ile mifuko, na sumu hupanda mferejini ikaingia kwenye nyama. Kwa maneno mengine, mtu hujidunga mwenyewe. Mzito huingiza zaidi kuliko mwepesi, na aliyeruka kutoka chomboni huingiza zaidi kuliko aliyekuwa akinyata.

Sumu hiyo hakupewa ya kuwindia. Ni ya kujilindia peke yake, kwa kuwa papa na taa wakubwa huweza kumla. Mwaka 2018 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba yeye na jamaa zake wanayo silaha nyingine ambayo hapana aliyekuwa ameitilia maanani: mfupa ulio chini ya jicho, ambao huchomoka pembeni kama kisu cha kukunja. Miaka zaidi ya 200 tangu waanze kumwandika, na bado walikuwa hawajamaliza kumsoma!

Maumivu yake, wanaoyajua hawapendi kuyaeleza. Huanza papo hapo na hupanda, yakatoka wayoni yakaenda gotini, yakafika kinenani. Mguu huvimba. Mtu hutoka jasho, hutapika, hutetemeka, na wako waliofikia kutokujua wasemalo. Sumu ikiwa nyingi mapigo ya moyo huharibika, shinikizo la damu likashuka na pumzi ikawa nzito. Kufa si jambo la kawaida, lakini si jambo lisilokuwako.

Miaka mingi iliyopita mama mmoja wa mtaani kwetu, mchokoaji pweza hodari, alikanyaga kitu mwambani asikione. Wapwa zake walimleta kwa mkokoteni, naye akipiga kelele ambazo sisi tuliokuwa barazani hatukupata kuzisikia kwake hata siku za uzazi. Palikuwa na kila aina ya shauri. Mmoja alichana leso akamfunga mguu chini ya goti, akakaza kwa nguvu zake zote. Mwengine alitaka wembe amchanje ili damu mbaya itoke. Wa tatu, mtu mzima mwenye heshima zake, akasema polepole kwamba hapo pahala pana wenyewe, na kwamba bibi huyu amemkanyaga mtoto wa mwenye bahari, aletwe mganga. Usicheke, msomaji. Mtu amechomwa na asichokiona, mahali ambapo hapana chochote ila mawe, na anapiga kelele kama aliyepandwa. Shetani ndiye jibu lililo karibu.

Aliyemnusuru na maumivu alikuwa mzee aliyekuwa amefanya kazi katika meli. Alipofika aliuliza swali moja tu: "Mna maji ya moto jikoni?" Akaifungua ile leso iliyokazwa, akachanganya maji ndooni, akayajaribu kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamwambia, "Dada, tia mguu, na ukiona yapoa useme." Zile kelele hazikukoma mara moja. Lakini adhuhuri ilipoadhiniwa mama yule alikuwa ameegemea ukuta akiomba chai. Baadaye alipelekwa zahanati, na huko alikaa akingoja mpaka jioni kabla ya kutazamwa. Mguu ulimchukua wiki kadhaa kupona.

Wengi pale barazani walidhani mzee yule amefanya kiini macho. Sivyo. Sumu ya samaki-jiwe ni katika jamii ya protini, kama ulivyo ute wa yai. Yai ukilitia katika maji ya moto ule ute hugeuka, ukawa mweupe na mgumu, na haurudi tena ulivyokuwa. Sumu hii nayo haivumilii joto. Ikipashwa huharibika ikapoteza nguvu zake, na maumivu hupungua. Yasemekana pia kwamba joto lenyewe huituliza mishipa ya fahamu isipeleke habari ya maumivu, na huenda mambo yote mawili hufanya kazi pamoja. Liwalo na liwe, madaktari wa leo ndivyo wanavyofundisha: kiungo kilichochomwa kitiwe katika maji ya moto kiasi cha kuvumilika, yasiyozidi digrii 45 za Selsiasi, kwa muda wa nusu saa mpaka saa moja na nusu.

Hapo kwenye kuvumilika ndipo penye kosa la wengi. Mwenye maumivu makali hahisi moto sawasawa, na kwa kutaka nafuu ataomba maji yaliyochemka. Akipewa, atapona sumu akabaki na mguu uliobabuka. Maji yajaribiwe na mtu mwengine, au mgonjwa aingize kwanza mguu wake ulio mzima. Yule mzee wa melini alifanya hivyo bila ya kipimo cha joto.

Kama yupo asiyeridhika na habari za barazani, basi aisikie ya mtaalamu. J.L.B. Smith, bingwa wa samaki wa Afrika ya Kusini, ndiye aliyemtambulisha kwa walimwengu yule samaki wa kale aitwaye seelakanti mwaka 1939. Yeye na mkewe Margaret walizunguka pwani hizi zetu wakikusanya samaki, na mwaka 1952 walipopita Unguja ndipo walipoachana na nahodha aliyekuja kumpatia seelakanti wa pili kutoka Nzuwani. Mtu huyu, aliyewajua samaki wa bahari hii kuliko wengi, alichomwa na samaki-jiwe kwenye kidole gumba katika pwani ya kaskazini ya Msumbiji mwaka 1950. Aliiandika habari hiyo mwaka uliofuata katika jarida la wataalamu wa samaki, akaeleza jinsi dawa za kuondoa maumivu zilivyoshindwa na maji ya moto yalivyomfaa, na jinsi mkono ulivyobaki dhaifu kwa muda mrefu. Mwaka 1957 aliandika tena, safari hii juu ya watu wawili waliochomwa na wakafa upesi. Hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Yale mengine yaliyofanywa mtaani kwetu siku ile hayafai hata moja. Kamba ikikazwa huizuia damu na kuifungia sumu mahali pamoja, nyama ikazidi kuharibika. Kwa nyoka wengine shauri la kufunga kitambaa lina hoja zake, lakini kwa samaki huyu madaktari wamelikataa. Wembe huongeza jeraha juu ya jeraha. Kunyonya kwa mdomo hakutoi kitu. Na maji ya moto yenyewe hayamwondolei mtu haja ya kwenda hospitali, kwani vipande vya mwiba huweza kubaki ndani, jeraha likaoza, na pepopunda nayo haiko mbali. Aliye mgonjwa wa moyo, mtoto, au aliyeanza kupumua kwa shida, huyo asingojeshwe. Apelekwe huku maji ya moto yakiwa naye njiani.

Iko dawa yenyewe hasa ya sumu hii, nayo hutengenezwa Australia. Ilipatikana mwaka 1959, na hufanywa kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo mpaka damu yake ikajenga kinga, kisha kinga hiyo ikachujwa. Ilikusudiwa samaki-jiwe wa kwao, ambaye ni jamaa wa huyu wetu, lakini humfaa na aliyechomwa na wetu. Kipimo chake huenda kwa kuhesabu matundu: tundu 1 au 2, chupa moja, 3 au 4, chupa mbili, yakizidi hapo, chupa tatu. Ndiyo maana hospitalini wataulizia ni matundu mangapi, na ni vyema aliyemsaidia mgonjwa ayahesabu kabla mguu haujavimba yakapotea. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash huko huko Australia waliueleza muundo wa sumu hiyo, wakaonyesha kwamba vipande vyake hujipanga kama pete na kuutoboa utando wa chembe za mwili. Ni elimu kubwa. Lakini chupa ile iko mbali na mtu aliyekaa juu ya mwamba wa Gazi au Kizingitini akiutazama mguu wake, na mimi kwa leo nashughulika na mtu huyo.

Wenyeji wa asili wa kaskazini ya Australia hawakungoja chupa. Imeandikwa kwamba walikuwa na ngoma ambayo ndani yake mchezaji huigiza mtu apitaye majini akitafuta samaki, mara akakanyaga sanamu ya samaki-jiwe iliyofinyangwa kwa nta, akaanguka akigaragara, na ngoma ikaishia kwa wimbo wa mauti. Kijana aliyeitazama ngoma hiyo mara moja hahitaji kuambiwa tena aangalie anapoweka mguu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sisi, tulio na ngoma na nyimbo za kila jambo, tulio na mashairi ya papa, ya pweza, ya nguru na ya chewa, hatukumpa huyu nafasi. Nadhani ni kwa sababu mshairi hutunga juu ya akionacho.

Badala ya wimbo, wazee wetu walikuwa na mwendo. Mtu mzima aliyelelewa mwambani hatembei humo kama atembeavyo barabarani. Hushika fimbo akaigonga mbele yake, huburura miguu mchangani badala ya kuiinua na kuishusha, na hatii mkono chini ya jabali asilolichungulia. Mkono, naam, kwani si miguu tu inayochomwa. Mchokoaji pweza aingizaye vidole kwenye pango humkuta samaki-jiwe amekuwa mpangaji humo. Mwendo huu hufundishwa kwa kufuatana nyuma, mtoto nyuma ya mamaye, na siku hizi wafuatao ni wachache. Watoto wako shule, nako ni kuzuri, lakini siku ya likizo huteremka pwani kwa mbio kama waendao uwanja wa mpira. Pamoja nao wako wageni kutoka bara ambao wamekuja kuiona bahari kwa mara ya kwanza, na hapana mtu aliyewaambia lolote. Katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizowekwa mwaka 1968, mgeni huelea juu na miwani yake akatazama chini, na kuelea ndiyo salama. Anayesimama juu ya matumbawe kupumzika hujihatarisha mwenyewe na huyavunja matumbawe pia.

Viatu? Malapa si viatu kwa kazi hii. Mwiba hupita ndani yake kama sindano kwenye khanga. Akala za tairi ni afadhali zaidi kwa unene wa soli, ingawa pembeni mguu uko wazi. Viatu vya mpira vyenye soli nene na vifunikavyo mguu mzima ndivyo bora, navyo bado havimpi mtu ruhusa ya kuacha fimbo nyumbani.

Wako watakaouliza, kwa kuwa sisi watu wa pwani hatukosi swali hili: analiwa? Wajapani na Wachina humla, hao wa mwanzo hata mbichi, baada ya kumwondoa miba kwa mikono iliyozoea, na wa Hong Kong humpikia supu. Nyama yake yasemekana ni nyeupe na tamu. Kwa upande wa sharia, sisi tufuatao madhehebu ya Imamu Shafi tumefunzwa kwamba samaki wa baharini asili yake ni halali, na kwamba chenye madhara huepukwa kwa ajili ya madhara yake. Je, akiondolewa madhara? Hapo namwachia kalamu sheikh wangu. Mimi changu ni kusema kwamba bahari ingali na changu na tasi, na sioni haraka ya kumtayarisha huyu.

Waendao mwambani wengi huchukua chai katika chupa ya themosi. Nashauri pawe na ya pili, ya maji ya moto matupu, na ndoo ndogo au mfuko madhubuti wa kuyatilia, ili mtu asisubiri mpaka afike nyumbani. Na asiende peke yake. Aliyechomwa kwenye mwamba wa nje, mbali na ufuo, hawezi kutembea, na maji yaliyotoka kwa upole hurudi kwa haraka. Wawili wakimshika kwapani watamfikisha. Peke yake huenda maji yakamkuta pale pale.

Liko na lile la wavuvi wa nyavu na malema. Samaki-jiwe akitoka humo, kwa kuwa hauziki, hutupwa ufuoni pamoja na takataka nyingine, na wote hudhani amekwisha. Kama tulivyoona, huenda yu hai mpaka kesho yake. Na hata akifa, miba haifi pamoja naye: sumu hubaki na nguvu kwa muda, na miba ile iliyosimama hufunikwa na mchanga mwembamba wa upepo wa kusi, mahali ambapo jioni watoto watacheza mpira bila ya viatu. Achukuliwe kwa koleo au ncha ya fimbo, asiguswe kwa mkono, na afukiwe kwenda chini sana, mbali na njia.